Amitrazi 12.5% ya kuogeshea: nzuri kwa ng'ombe na mbuzi, hatari kwa mbwa na punda

Mara nyingi ukiingia duka la pembejeo Masasi, Nachingwea au Mtwara mjini ukaulizia dawa ya kupe, muuzaji anakunyoshea chupa ya amitrazi 12.5%. Ipo ya mililita 100 kwa mwenye mbuzi wachache, ipo ya lita moja kwa mwenye zizi. Majina ya kibiashara ni mengi, lakini ndani ni kile kile: gramu 125 za amitrazi katika kila lita, zimeyeyushwa kwenye kiyeyusho cha jamii ya petroli, aghalabu zaileni, na kuongezewa kitu cha kuifanya ichanganyike na maji. Ukiimimina majini hugeuka nyeupe kama maziwa. Isipogeuka nyeupe, au ikiacha mafuta yanayoelea juu, usiitumie. Imeharibika, au si yenyewe.

Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo tunaipendekeza bila kusita. Kwa punda, hapana kabisa. Kwa mbwa na paka, chupa hii ikae mbali. Lebo nyingi hazielezi tofauti hiyo inatoka wapi, na hapo ndipo lawama yetu kubwa kwa bidhaa hii ilipo. Mfugaji anaambiwa achanganye kiasi gani, haambiwi dawa ni sumu kiasi gani kwa mnyama yupi.

Tuanze na kazi yake. Kipimo ni mililita 2 kwa lita moja ya maji. Ndoo ya lita 10 inakula mililita 20, bomba la mgongoni la lita 16 linakula 32, la lita 20 linakula 40. Chupa ya mililita 100 inatoa lita 50, ambazo kwa lita 5 kila mmoja zinatosha ng'ombe 10. Ukipiga hesabu, mililita 2 zina miligramu 250 za dawa halisi, kwa hiyo maji yako yana miligramu 250 kwa lita, yaani sehemu 250 katika milioni. Namba hiyo ishike, maana tutairudia.

Jaza bomba nusu, mimina dawa, tikisa, ongeza maji hadi mstari, tikisa tena. Pima kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, liwe la kazi hiyo tu. Kizibo cha soda si kipimo. Vizibo havilingani, na mwenye haraka hujaza hadi kumwagika. Nyunyiza kinyume na mwelekeo wa manyoya mpaka maji yachuruzike. Usisahau ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, kwenye kiwele na katikati ya kwato. Kupe anayeambukiza ndigana kali hupenda sikio, na mnyama aliyelowa mgongo huku masikio yakiwa makavu hajaogeshwa. Rudia kila baada ya siku 7 wakati wa kupe wengi. Amitrazi haikai muda mrefu kwenye ngozi, lakini ina sifa moja ambayo wengi wanaipenda: inamfanya kupe aachie mwenyewe na kudondoka, hata kabla hajafa.

Sasa sumu. Kwenye chupa nyingi za viuatilifu utaona mstari wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni kali sana, njano ni ya kati, buluu ni ya chini, kijani ni ya chini zaidi. Rangi hiyo inatokana na makundi ya Shirika la Afya Duniani, na makundi yanapangwa kwa kipimo kinachoitwa LD50: idadi ya miligramu za sumu kwa kila kilo ya uzito wa mnyama ambazo zikitolewa mara moja huua nusu ya wanyama waliopewa. Aliyekileta kipimo hiki ni J. W. Trevan wa Uingereza, mwaka 1927, akitafuta namna ya kulinganisha nguvu za dawa. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo sumu inavyokuwa kali. Chini ya miligramu 5 kwa kilo kwa njia ya mdomo ni kundi la juu kabisa. 5 hadi 50 linafuata. 50 hadi 2000 ni la kati. Zaidi ya hapo ni la chini.

Mnyama wa kupimia kwa kawaida ni panya wa maabara. Kwa panya, amitrazi iliyopitia mdomoni ina LD50 ya kati ya miligramu 500 na 800 kwa kilo, hivyo dawa yenyewe iko kundi la kati. Lakini chupa haina dawa tupu. Ukitumia kanuni ya kukokotoa ya Shirika la Afya Duniani, unachukua LD50, unazidisha kwa 100, unagawanya kwa asilimia iliyomo: 800 mara 100 gawanya kwa 12.5 ni 6400. Kwa hesabu hiyo peke yake, chupa inaweza kuvaa rangi ya upole kabisa. Hesabu haikuhusisha kiyeyusho, ambacho kikiingia mapafuni kinaweza kuua mtoto wa mtu. Wala haikumhusu mbwa.

LD50 ni namba ya kundi fulani la wanyama, njia fulani ya kuingia mwilini, na kilichoyeyushia sumu. Badilisha kimoja, namba inahama. Sipamethrini, ambayo ipo kwenye dawa nyingine za kuogeshea, ikiyeyushwa kwenye mafuta inaua nusu ya panya kwa miligramu 250 hivi kwa kilo. Ikiwekwa kwenye maji inafika zaidi ya 4000. Sumu ni ile ile, mafuta ndiyo yanayoipitisha utumboni. Klofenvinfosi, ya kundi la viuatilifu viitwavyo organofosfeti, inaua panya kwa miligramu 10 hadi 39 kwa kilo, lakini mbwa anahitaji zaidi ya 12,000. Monensini, inayochanganywa kwenye chakula cha kuku kuzuia koksidiosi (ugonjwa wa utumbo), kuku anaivumilia hadi miligramu 200 kwa kilo ndipo nusu wafe, ng'ombe 20 hadi 80, farasi 2 au 3 tu. Kwa hiyo rangi ya lebo ikubali kama onyo kwa mtu anayepuliza, maana ndivyo ilivyokusudiwa. Usiichukue kama ruhusa kwa mnyama.

Kuna jambo jingine ambalo LD50 haisemi. Sumu mbili zinaweza kuwa na LD50 ya 100 zote, moja ikaanza kuua kwenye 80 na nyingine kwenye 10. Ya pili ndiyo ya kuogopa, kwa sababu makosa madogo ya kipimo yanatosha. Ndiyo maana wataalamu wa sumu za mifugo huangalia pia kipimo kikubwa kabisa ambacho hakikuonyesha dhara lolote, kisha wanaangalia umbali kati yake na kipimo cha kazi.

Turudi kwa mbwa. LD50 ya amitrazi kwa mbwa kwa njia ya mdomo ni miligramu 100 kwa kilo, yaani sumu ni kali mara tano hadi nane kuliko kwa panya. Chukua mbwa wa kulinda shamba mwenye kilo 15. Nusu ya mbwa kama huyo watakufa kwa miligramu 1500, na hizo zimo kwenye mililita 12 za dawa isiyochanganywa. Dhara linaanza mapema zaidi. Katika majaribio ya miaka 2, mbwa waliopewa miligramu 0.25 kwa kilo kila siku hawakuonyesha kitu. Waliopewa miligramu 1 walizubaa, joto la mwili likashuka, sukari ya damu ikapanda. Kwa mbwa wetu wa kilo 15, miligramu 1 kwa kilo ni miligramu 15, nazo zimo kwenye mililita 60 za maji yaliyokwisha changanywa. Mililita 60 ni kama robo ya kikombe cha chai. Mbwa mwenye kiu akilamba dimbwi lililobaki baada ya kuogesha mbuzi anazipata kwa mafunda machache. Mwaga mchanga juu ya dimbwi, na mbwa wafungwe mpaka pakauke.

Zipo dawa za amitrazi zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa mwenye ukurutu, zenye kipimo chake na maelekezo yake. Hii ya mifugo si hiyo.

Punda hesabu yake haina haja ya kuwa ndefu. Amitrazi inasimamisha mwendo wa utumbo mpana wa farasi na punda, kinyesi kinaziba, tumbo linauma kwa siku kadhaa na mnyama anaweza kufa. Hakuna kipimo cha kumshauri mtu.

Kwa ng'ombe, picha ni tofauti. Ng'ombe wa kilo 250 aliyelowa lita 5 amebeba miligramu 1250, sawa na miligramu 5 kwa kilo, tena juu ya ngozi, na nyingi zinachuruzika chini. Kupitia ngozi, hata panya huvumilia zaidi ya miligramu 1600 kwa kilo. Mbuzi wa kilo 25 aliyelowa lita moja na nusu amebeba 375, ambazo ni 15 kwa kilo. Mtoto wa mbuzi wa kilo 5 akilowa nusu lita amebeba 25 kwa kilo. Ona inavyopanda: mnyama mdogo ana ngozi nyingi kwa kila kilo, hivyo maji yale yale yanampa mzigo mara tano ya ng'ombe. Bado yuko salama kwa mchanganyiko sahihi, lakini ndiye wa kwanza kulegea ukizidisha. Wadogo, wagonjwa na wenye vidonda vibichi waogeshe mwisho, kwa maji machache, au waache wiki hiyo. Wanyweshe wote maji kabla ya kuogesha, ili mwenye kiu asilambe au kunywa dawa. Ogesha asubuhi au jua likipungua. Mnyama aliyetoka kukimbizwa juani ngozi yake imefunguka kwa damu na inapitisha zaidi.

Nafasi hii pana ya usalama ndiyo inayoifanya amitrazi ipendwe, na ndiyo inayozaa tabia mbaya. Mfugaji akizoea mililita 40 kwa bomba la lita 20, siku dukani hakuna amitrazi anachukua chupa nyingine na kuweka 40 zile zile. Fikiria klofenvinfosi yenye gramu 1000 kwa lita, ambayo huchanganywa nusu mililita kwa lita. Kwa tabia ya mililita 2 kwa lita, maji yanakuwa na miligramu 2000 kwa lita badala ya 500, na ng'ombe wa kilo 250 anabeba miligramu 10,000, yaani 40 kwa kilo. Hapo hakuna nafasi tena. Kila chupa mpya, soma gramu kwa lita kwanza, kisha kipimo. Kosa la upande wa pili nalo ni ghali: ukiweka mililita 1 badala ya 2, kupe dhaifu wanakufa, wagumu wanazaa, na baada ya misimu michache unalalamika kwamba dawa ni feki.

Bomba lenyewe linastahili neno lake, hasa huku kwetu. Msimu wa kupuliza mikorosho bomba lile lile linabeba dawa ya mbu wa mikorosho, na baadhi ya dawa hizo, kama profenofosi, ni organofosfeti. Kesho yake linaingia zizini. Mabaki kwenye mpira, kwenye chujio na kwenye mdomo wa bomba yanatosha kumgonjesha mtoto wa mbuzi, tena kwa sumu isiyoandikwa kwenye chupa uliyonunua, ambayo daktari hataifikiria. Bora kuwa na bomba la mifugo peke yake, lililopigwa alama ya rangi. Asiye na uwezo huo alisuuze mara tatu kwa maji na sabuni, akipitisha maji hayo mpaka kwenye mdomo wa bomba, na ayamwage mbali na kisima. Salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho ina shida ya aina nyingine. Haiui mbuzi papo hapo, ila ng'ombe au mbuzi anayekula majani yaliyojaa unga siku nyingi hupata salfa kupita kiasi. Mipaka ya lishe ni takribani asilimia 0.3 hadi 0.5 ya chakula chote kikiwa kikavu, na ikizidi ubongo unaharibika, mnyama anapofuka na kusukuma kichwa ukutani. Mkorosho uliopulizwa leo usiwe malisho kesho.

Amitrazi iliyochanganywa haikai. Maji yenye asidi huivunja haraka, ndiyo maana kwenye josho huongezwa chokaa kulinda dawa. Kwenye bomba, changanya utakachomaliza siku hiyo. Chupa nayo ikae kivulini, kizibo kimekazwa, maana unyevu unaingia na kuanza kazi hiyo hiyo polepole. Duka la mabati lisilo na dari, lenye chupa dirishani zikipigwa jua la Lindi, lipite.

Kwa samaki kipimo kinaitwa LC50, kwa sababu hapo hatuhesabu kwa kilo ya samaki bali kwa lita ya maji anayoishi. Kwa samaki wa aina ya trauti, amitrazi inaua nusu yao ndani ya saa 96 kwenye karibu robo tatu ya miligramu kwa lita. Sipamethrini inafanya hivyo kwa mikrogramu 0.69 kwa lita, yaani ni kali mara elfu moja na zaidi kidogo. Chupa ya mililita 100 ya sipamethrini 10% ina gramu 10. Kwa hesabu kavu zinatosha kufikisha kiwango hicho kwenye lita milioni 14 za maji. Tope hunasa sehemu kubwa, lakini bwawa la perege haliwezi kubishana na namba kama hiyo. Kwa mwenye bwawa karibu na zizi, amitrazi ni chaguo la nafuu, na hata yenyewe isimwagwe kwenye mfereji unaoelekea Lukuledi au Ruvuma.

Mambo yakiharibika, dalili za amitrazi ni za kupoa: mnyama anazubaa, anayumba, moyo unakwenda taratibu, mwili unakuwa baridi, tumbo linaacha kufanya kazi, mbwa anatapika. Muoshe kwa sabuni na maji mengi ukiwa umevaa glavu, mkaushe, mfunike apate joto. Usimtapishe, kwa sababu ya kile kiyeyusho. Dawa ya kutengua ipo, atipamezoli, mikrogramu 50 kwa kilo kwenye msuli kwa mbwa, au yohimbini. Zote ni kazi ya daktari. Organofosfeti inaonekana kinyume: mate yanachuruzika, machozi, kuhara, mboni ya jicho inasinyaa, misuli inatetemeka, pumzi inakwama. Hiyo inatibiwa kwa atropini, ng'ombe miligramu 0.5 kwa kilo, robo kwenye mshipa na iliyobaki chini ya ngozi. Atropini haifai kwa amitrazi, inazidi kulifunga tumbo. Ndiyo sababu chupa iende na mgonjwa, au ipigwe picha ya lebo na itumwe kwa daktari wa mifugo kabla hajaanza safari. Mnyama akifa, chukua ini, figo, kama nusu kilo ya vilivyomo tumboni, na maji ya bomba lenyewe, kila kimoja kwenye chombo chake safi, kwenye barafu, bila fomalini, na vipelekwe kupitia ofisi ya mifugo ya wilaya. Kituo cha TVLA, yaani Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, kipo Mtwara.

Kuhusu maziwa na nyama, fuata siku zilizoandikwa kwenye chupa yako, zinatofautiana kati ya dawa na dawa. Mabaki yanayoruhusiwa kwa mlaji hupangwa kutokana na ile namba isiyo na dhara. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilichukua 0.25 ya mbwa, ikagawanya kwa 100 na kupata miligramu 0.0025 kwa kilo ya mtu kwa siku. Kumi ya kwanza ni kwa kuwa mtu si mbwa, kumi ya pili ni kwa kuwa watu hawalingani. Mkamuaji aoshe kiwele kabla ya kukamua hata kama lebo haimdai siku za kusubiri.

Ununuzi: chupa iwe na kifungo kisichoguswa, namba ya usajili, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, na gramu kwa lita zinazosomeka. Dawa iliyopimwa na kumiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiinunue hata kwa nusu bei. Imepoteza lebo, na bila lebo hakuna hesabu hata moja kati ya hizi inayowezekana. Tena ni chupa ambayo mtoto ataifungua akidhani ni kinywaji.

Kwa wafugaji wa Liwale na Kilwa, hasa wanaochunga karibu na mapori, amitrazi ina upungufu mmoja ambao hesabu haiwezi kuuziba: haiui mbung'o. Kama nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ndiyo inayokusumbua kuliko ndigana, nunua dawa ya jamii ya sipamethrini au deltamethrini, ifanye iwe ya zamu hiyo, na amitrazi ibaki kwa majira ambayo kupe wamezidi. Kila moja na bomba la sindano lake la kupimia.